Pafyumu ya mbao na baridi: Encre Noire inamfaa nani hasa?

Mnyalukolo (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Mafinga. Baridi ya mwaka huu si ya kusimuliwa. Asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi, na mbao zilizolala nje zina sakitu nyeupe juu yake mpaka saa tatu, jua linapoamua kuingia kazini. Nimepitia nyuzi za pafyumu humu, karibu zote ni za watu wa joto: ipi haigeuki kwenye jasho, ipi inafanya watu wageuze shingo kwenye mwendokasi. Sisi wa nyanda za juu tumesahauliwa. Leo naleta ya kwetu.

Ni Encre Noire ya Lalique, Wafaransa. Ilitoka 2006, mtungaji wake Nathalie Lorson. Jina maana yake wino mweusi, na chupa ni mchemraba wa kioo cheusi mfano wa kidau cha wino, kifuniko cha mbao. Lalique asili yao ni vioo. Mzee René Lalique alikuwa akitengeneza chupa za marashi za watu wengine tangu kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kwa hiyo kwenye chupa hawakubahatisha. Ukiiweka mezani mgeni anauliza hata kabla hajanusa.

Harufu sasa. Ukipuliza, cha kwanza ni saiprasi, kama umevunja tawi la ule mti tunaouita wa Krismasi ukalisugua kiganjani. Chini yake kuna mizizi, udongo uliolowa, moshi kwa mbali. Hakuna ua. Hakuna vanila. Hakuna tunda hata la kusingiziwa. Dakika ishirini za mwanzo inaweza kukukera kabisa; mara ya kwanza mke wangu aliniuliza kama nimelala kwenye stoo ya viazi. Ikifika saa ya pili inatulia, inakauka, inakuwa kama ofisi ya zamani ya serikali yenye makabati ya mbao na mafaili ambayo hakuna aliyeyagusa tangu boma lijengwe.

Uti wa mgongo wake ni vetiva. Hizo ni nyasi ndefu, zile zinazopandwa kwenye miteremko kushikilia udongo kwa sababu mizizi yake inashuka mita tatu na zaidi. Majani hayanukii, utamu wote uko kwenye mizizi: inachimbwa, inaoshwa, inakaushwa, kisha inapitishwa mvuke saa nyingi mpaka mafuta yatoke. Haiti ndiyo inaongoza kwa mafuta hayo. Kisiwa cha Réunion nacho kiliwahi kuwa na sifa, ndiyo maana utakuta watu wanaandika vetiva ya Bourbon, jina la zamani la kisiwa hicho. Na India mizizi hiyo hiyo hufumwa kuwa mikeka ya kutundika madirishani, inamwagiwa maji wakati wa joto kali ili upepo uingie ndani ukiwa umepoa na unanukia. Yaani pafyumu inayonukia baridi, moyo wake ni mmea wa nchi za joto ambao wenyewe wanautumia kupoza nyumba. Hilo lilinifurahisha kuliko chupa.

Swali langu ni hili. Wauzaji na wachambuzi wa mitandaoni wanasema hii ni ya mwanaume msiri, mkimya, mwenye madaraka. Nimeivaa baridi tatu nikiamini ni mimi. Sio mimi. Nitasema ni nani, ila kwanza nataka niwasikie nyinyi: pafyumu ya mbao na baridi inamfaa mtu wa namna gani?

Kopo la Rangi

Inamfaa mwenye hela. Nakaa hapa nasubiri.

Dereva wa Semi

Mkuu, unashinda kwenye maranda kutwa nzima halafu unatoa hela kununua harufu ya mbao? Ni kama muuza samaki ajipake mafuta ya dagaa akienda disko.

Mnyalukolo

Hahaha, chai imemwagika. Lakini si harufu moja, mkuu. Mbao tunayochana sisi ni paina. Ikiwa mbichi ina utamu wa utomvu, karibu na ndimu, na ikipita kwenye dingdong, ile mashine ya kuchana magogo, msumeno unaichemsha, yadi nzima inanukia kama mtu anakaanga miti. Mabanzi nayo yakilowa mvua yana uchachu wake. Encre Noire ni msitu kabla msumeno haujawashwa. Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, ukungu umekaa katikati ya mistari ya miti na hakuna lori hata moja. Saa hiyo wanaipata walinzi tu, na wao wanawaza jiko.

Bint Mkunazini

Kaka, mimi ni wa Unguja. Kwetu mti unaonukia unachomwa. Udi unauweka juu ya kaa kwenye chetezo, unafukiza nguo, unafukiza nywele, unafukiza chumba, mpaka mgeni akikaribia mlango anajua nyumba hii ina watu na watu wenyewe wamejiandaa. Harufu ya mti kwetu ni arusi, ni Idi, ni bibi harusi anatolewa nje. Hiyo yako niliinusa kwa shemeji yangu, kaja nayo kutoka Muscat. Wallahi nilidhani imeharibika. Ni mti usio na mtu. Nani anataka kunukia kama nyumba iliyohamwa?

Mnyalukolo

Bi Mkunazini, "mti usio na mtu" naiiba, usinidai.

Lakini nikutafutie undugu. Ubani mnaofukiza una kitu kinaitwa alfa-pinini, kile kile kilichojaa kwenye utomvu wa paina na kwenye saiprasi. Chukua chembe ya ubani mzuri wa Dhofar, inuse ikiwa kavu, kabla haijagusa kaa. Si kuna ubaridi fulani na kandimu kwa mbali? Huo ndio msitu wangu. Tofauti ni kwamba nyinyi mnautia moto na sisi tunaunusa vile vile ulivyo. Hata wenyewe Lalique mwaka 2015 walitoa toleo jingine, Encre Noire à l'Extrême, na humo ubani umo. Hilo nadhani mngeishi nalo nyumba moja.

Udi ndio siugusi kwenye ulinganisho huu. Udi ni utomvu unaotoka pale mti unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Mti ulio mzima hauna kitu. Ni mzito na wa joto tangu kuzaliwa kwake.

Bint Mkunazini

Hapo kwenye ubani mkavu umenishika. Marehemu bibi akiutafuna, na akikusogelea kukubusu unasikia ubaridi huo huo. Haya endelea, nakusikiliza ingawa nimenuna.

Mtu wa Nyahururu

Wadau, sisi wa Nyahururu baridi tunaijua, Julai hatutoki kitandani bila sababu ya maana. Niongeze ya kwetu: mtarakwa. Hii ndiyo mbao ya posti za ua, mchwa hauli, babu anaweka posti na mjukuu anaikuta. Ukiikata inanukia penseli mpya, na si bahati mbaya, kwa sababu enzi za ukoloni mbao zake zilisafirishwa ng'ambo kuchongwa penseli. Hata hiyo "sida ya Virginia", yaani mwerezi, wanayoandika kwenye pafyumu si sida ya kweli, ni ndugu wa mtarakwa wetu.

Ila mimi nikisikia pafyumu ya mbao nauliza kwanza, mbao gani na imetoka wapi? Msandali wetu, ule wa porini, uling'olewa na mizizi yake huko Samburu na kwingine, usiku kwa usiku, ukapakiwa malori. Serikali ya Kenya ikapiga marufuku 2007, na 2013 msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake hausafirishwi nje bila kibali. Mtu akijipaka sandali aking'aa, mimi naona shimo.

Mnyalukolo

Mkuu umenena, na hata kwenye vetiva sina pa kujificha. Nyasi zinazosifiwa kwa kushika udongo, ili upate mafuta lazima uzing'oe. Mwenye mlima akivuna zote kwa pamoja na mvua ikaja, udongo unaenda nao. Angalau zenyewe zinapandwa tena na kuota. Msandali ukishang'olewa ndiyo basi.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma mpaka hapa kwa uvumilivu. Hoja ya haiba ndiyo siikubali. Pafyumu na utabiri wa nyota ni watoto wa mama mmoja. Unamwambia kila mnunuzi kwamba yeye ni mkimya, mwenye kina, asiyeeleweka na watu, na nani atakataa? Hakuna pafyumu iliyoandikwa "inamfaa mbishi anayedaiwa kodi". Harufu ni harufu. Mtu akiipenda aivae.

Kopo la Rangi

Mbishi anayedaiwa kodi yupo, anaitwa Mwalimu wa Zamu.

Mnyalukolo

Mwalimu, nakubali nusu. Pafyumu haimfanyi mtu. Mimi mwenyewe ni shahidi: nilijipulizia mara nne, nikaingia kwenye kikao na wanunuzi nikitegemea heshima, kisha nikaongea kama kawaida yangu. Mnanijua, mzaha mwingi, bei tunapatana kwa kelele. Mteja wangu wa Buguruni akanisogelea akaniuliza kwa huruma kama tuna msiba. Sikumwelewa. Baadaye nikasoma kwamba nchi za Ulaya ya kusini saiprasi ndiyo miti ya makaburini. Labda pua ya mzee yule ilitangulia kusoma. Harufu ilikuwa inasema lake na mdomo wangu unasema lake, na wateja waliamini harufu.

Nusu nisiyoikubali ni hii hapa.

Nina shangazi. Kwao Makete, miaka 61, ndiye anayeshika daftari la mzigo kwenye yadi yetu. Lori halitoki mpaka ahesabu yeye. Anahesabu mara mbili: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa kugusa kila ubao na ncha ya kalamu, mbili kwa nne huku, moja kwa nane kule, na katikati ya hesabu hata umwambie nyumba inaungua hakujibu. Madereva wanaomtukana kila mtu kuanzia Makambako, wakifika mezani kwake wanavua kofia. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Julai mwaka jana nilisahau chupa mezani kwake. Kesho yake nikaikuta imesogezwa karibu na kalkuleta, lebo imegeuzwa inamtazama yeye.

"Shangazi, hiyo ni yangu."

Hakuinua uso. "Iache hapo."

Ndiyo mazungumzo yote tuliyowahi kufanya kuhusu jambo hili.

Namna anavyoitumia sikumfundisha mimi. Anapuliza mara moja, tena si mwilini. Anafungua jaketi lake la kijani lililochujuka, anapuliza ndani kwenye bitana, anavuta zipu mpaka kidevuni. Saa moja asubuhi akiwa nje kwenye mbao hunusi kitu chochote, kwa sababu harufu inahitaji joto ili ipae na pale joto halipo. Anahesabu. Saa tano au sita anaingia ofisini kwenye jiko la mkaa, anashusha zipu kidogo, ndipo inatoka. Na kwa wakati huo ule ukali wa mwanzo umeshakwisha, imebaki mizizi mikavu na moshi mwembamba. Ile sehemu mbaya ameimaliza peke yake na baridi, sisi tunapewa iliyoiva.

Hakuna aliyewahi kumwambia ananukia vizuri. Juzi dereva mmoja alipewa karatasi zake, akabaki amesimama mlangoni. Nikamuuliza vipi, akasema hapana, hamna kitu, anasikia tu ofisi hii ina baridi nzuri. Jiko linawaka.

Kwa hiyo Mwalimu, sisemi pafyumu inajua nyota ya mtu. Nasema kuna harufu zinazoomba jibu hapo hapo, zile tamu, unapita na watu wanasema wewe, umejipaka nini. Mimi ni mtu wa hizo, nataka kujibiwa. Hii haiombi. Aliyezoea kungoja sifa ataichoka siku tatu tu. Na wanaosema ni ya mtu msiri wamekosea pia. Shangazi hana siri yoyote, ana mzigo wa kuhesabu.

Mwalimu wa Zamu

Hapo kwenye harufu inayoomba jibu nitafikiria. Kodi nimelipa.

Mpemba wa Minneapolis

Niko Minnesota mwaka wa tisa, naomba niongezee kwenye hilo la baridi maana mleta uzi kalipatia. Januari hapa inafika hasi ishirini na kushuka. Ukipuliza nje hujisikii kabisa, kwa hiyo wageni wanaongeza. Mara tano, mara saba. Kisha anapanda basi lenye hita, anafungua koti, abiria wote wanajua. Nimeyafanya hayo mwaka wangu wa kwanza na pafyumu tamu ya vanila, mama mmoja akahama kiti bila kuniangalia.

Wajuzi wa hapa wanapuliza kwenye skafu ya sufu, kidogo, usiku kabla ya kulala. Sufu inashika harufu siku tatu. Asubuhi ukiifunga shingoni pumzi yako yenyewe ndiyo inaipasha moto, na unayeinusa ni wewe peke yako. Mimi naivaa hiyo hiyo Encre Noire. Kwenye theluji haina kifani, ila kinachonijia mimi si theluji. Kinachonijia ni barabara ya kupanda kutoka Lushoto kwenda Magamba, nilikosoma, asubuhi tunakimbia mchakamchaka na miti inadondosha maji.

Bint Mkunazini

Mpemba unakimbia mchakamchaka Lushoto! Dunia ina mambo.

Mke wa Fundi

Samahani mleta uzi, hiyo si imeandikwa ya kiume? Shangazi hakujali?

Mnyalukolo

Dada, boksi ni la kiume, ndiyo. Na ya kike ipo, Encre Noire Pour Elle, ya 2009, laini na ina maua. Nilipata kasampuli nikampelekea nikijiona mjanja, nikitegemea kurudishiwa chupa yangu. Alifungua, akanusa, akafunga. "Hii ya kwenda harusini." Akanirudishia kasampuli. Chupa ikabaki pale pale.

Mhasibu Mpole

Wengine tuko Dar na tumevutiwa. Orijino naitambuaje, na kwa joto letu inavalika?

Mnyalukolo

Mkuu, mimi nilipigwa mara ya kwanza, duka silitaji, elfu 45 ikaenda. Kifuniko kilikuwa plastiki iliyochorwa mistari ya mbao. Namba ya toleo chini ya chupa na ya kwenye boksi zilikuwa ndugu wa mbali. Na harufu, baada ya nusu saa, ilikuwa bablishi. Nilinunua usiku, mvua inanyesha, muuzaji ananiita bosi. Hapo ndipo pa kuanzia kuogopa.

Pafyumu za mafuta za kupima zenye jina hilo pia zipo. Siwakatazi, ila mafuta matupu yanakosa ule ubaridi wa mwanzo, kwa sababu spiriti ndiyo inayoirusha harufu puani ikipaa. Mafuta yanakaa tu kwenye ngozi yananung'unika.

Dar inavalika Julai, jioni, upepo wa bahari ukiwepo, pulizo moja. Kwenye daladala la saa kumi Februari usijaribu, harufu nzito ikichanganyika na joto na watu utashushwa kabla ya kituo.

Dereva wa Semi

Mkuu, yule aliyesimama mlangoni ofisini kwenu akasema baridi nzuri... tusifuatiliane sana. Napita tu.

Kopo la Rangi

NILIJUA.

Mnyalukolo

Mrejesho, wakuu. Binti yangu kamuonyesha shangazi uzi huu. Kavaa miwani, kausoma wote kuanzia juu, kimya, jiko likizomea pembeni. Akamrudishia simu, akaniambia mambo matatu. Kwamba miaka yake ni 60 mpaka Oktoba. Kwamba yule dereva wa semi anadaiwa karatasi ya mzigo wa wiki iliyopita. Na kwamba chupa inaisha. Nikamuuliza amejuaje, kioo ni cheusi, ndani hakuonekani. Kumbe huwa anaipima kila Jumamosi kwenye mzani wa misumari, na gramu ameziandika ukurasa wa nyuma wa daftari.

Anayepanda kutoka Dar kabla ya mwisho wa mwezi aje PM.